Mbinu au Nafasi? Ufundishaji wa Lugha za Kigeni katika Shule za Sekondari za England, 1858–2014

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya ufundishaji wa lugha za kigeni za kisasa, hususan Kifaransa na Kijerumani, katika shule za sekondari za England. Kwa muda mrefu historia hiyo imesimuliwa kama historia ya mbinu: sarufi na tafsiri, mbinu ya moja kwa moja, maabara ya lugha, na hatimaye mkabala wa kimawasiliano. Makala yanatoa hoja kwamba mbinu hizo, pamoja na umuhimu wake, hazikuamua nani ajifunze lugha na kwa muda gani. Suala hilo liliamuliwa na nafasi ya somo katika mitihani, kanuni za serikali na aina za shule. Hitimisho linahusisha hoja hiyo na ufundishaji wa Kiswahili kama lugha ya kigeni katika shule za sekondari.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu matumizi hukutana mapema na orodha ya mbinu za kufundishia lugha. Orodha hiyo hupangwa kwa mfuatano wa wakati, kila mbinu ikionekana kuzaliwa kutokana na udhaifu wa iliyotangulia. Mpangilio huu unafaa kwa kufundishia, lakini unaficha jambo moja la msingi: mbinu haiwezi kumfikia mwanafunzi ambaye somo lenyewe halimo katika ratiba yake.

England inafaa kuchunguzwa kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi na mabadiliko ya kanuni zake yanaweza kutajwa kwa mwaka. Jina hilo linatumika hapa kwa maana finyu: Skoti na Welisi zina historia zake na hazijadiliwi. Swali linaloongoza makala ni moja: katika kila kipindi, ni nini kilichoamua kwamba mtoto fulani ajifunze lugha ya kigeni na mwingine asijifunze?

2.0 Somo lenye hadhi ya chini, 1858–1902

Katikati ya karne ya 19, elimu ya sekondari ya watoto wa tabaka la juu ilijengwa juu ya Kilatini na Kigiriki. Kifaransa kilikuwapo, lakini pembezoni. Walimu wake, wengi wao wageni, hawakuheshimiwa kama walimu wa lugha za kale. Tume ya Clarendon, iliyochunguza shule tisa kongwe na kutoa ripoti yake mwaka 1864, ilipendekeza kwamba kila mwanafunzi ajifunze lugha moja ya kisasa, Kifaransa au Kijerumani. Hata hivyo, haikuziondoa lugha za kale katika kiti chao.

Wakati huohuo mitihani ilianza kulipa somo hili uhalali mpya. Mwaka 1858 Vyuo Vikuu vya Oxford na Cambridge viliendesha mitihani ya kwanza ya shule za mikoani, na Kifaransa na Kijerumani vilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa. Lakini uhalali huo ulikuwa na gharama. Ili lugha ya kisasa ionekane kuwa somo lenye uzito, ilibidi ifanane na Kilatini: kanuni za sarufi zikaririwe, na sentensi zisizo na muktadha zitafsiriwe kwa maandishi. Kwa hiyo, mbinu ya sarufi na tafsiri haikutokana na uzembe wa walimu. Ilitokana na somo changa kutafuta heshima kwa kuvaa vazi la mkubwa wake.

Upinzani ulitoka kwa walimu na wanafonetiki. Mwaka 1882 Wilhelm Viëtor alichapisha nchini Ujerumani kijitabu *Der Sprachunterricht muss umkehren!*, akitaka ufundishaji wa lugha ugeuzwe kabisa. Alikitia jina la bandia, Quousque Tandem, lililotokana na maneno ya Cicero. Mwaka 1886 Paul Passy na walimu wenzake walianzisha mjini Paris chama cha walimu wa fonetiki, ambacho baadaye kilikuwa Chama cha Kimataifa cha Fonetiki. Wanaisimu wa Kiswahili wanaotumia alama za chama hicho kuelezea vipasuo au ving'ong'o wana sababu ya kukumbuka kwamba asili yake ni darasa la lugha. Waasisi wake walikuwa walimu waliotafuta njia ya kumwonesha mtoto matamshi ambayo tahajia ya Kiingereza na Kifaransa iliyaficha.

Henry Sweet, katika *The Practical Study of Languages* (1899), na Otto Jespersen, katika *How to Teach a Foreign Language* (1904), waliipa harakati hiyo misingi ya kinadharia. Pamoja na tofauti zao, wanamageuzi walikubaliana juu ya mambo matatu: lugha ya mazungumzo itangulie maandishi, matini yenye mtiririko ichukue nafasi ya sentensi zilizotengana, na darasa liendeshwe zaidi kwa mdomo.

3.0 Kanuni za serikali na kivuli cha mtihani, 1902–1944

Sheria ya Elimu ya 1902 iliziwezesha mamlaka za mitaa kuanzisha na kugharimia shule za sekondari. Kanuni za 1904 zikaamua yatakayofundishwa humo. Lugha moja zaidi ya Kiingereza ilikuwa lazima, na ilitengewa angalau saa 3 na nusu kwa wiki; zilipokuwa mbili, saa 6. Tena, shule iliyofundisha lugha mbili bila Kilatini ilipaswa kuiridhisha Bodi ya Elimu kwamba kukiacha Kilatini kulikuwa na manufaa. Hivyo Kifaransa kilipata nafasi ya kudumu kwa mstari wa kanuni, ilhali hoja za Viëtor na Sweet zilikuwa bado zinabishaniwa vyumbani mwa walimu.

Mbinu ya moja kwa moja ilipata watetezi hodari. Katika Shule ya Perse, Cambridge, W. H. D. Rouse, aliyekuwa mwalimu mkuu kuanzia 1902 hadi 1928, aliitumia hata kwa Kilatini, huku Louis von Glehn akiitumia kwa Kifaransa. Hata hivyo, haikuenea kwa kasi waliyoitarajia. Ilidai mwalimu mwenye ufasaha mkubwa na nguvu za kusema siku nzima. Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa mtihani. Cheti cha Shule, kilichoanza kutahiniwa nchini kote baada ya 1917, kilimtaka mtahiniwa afaulu katika makundi ya masomo, lugha za kigeni zikiwa kundi mojawapo. Sharti hilo liliyajaza madarasa ya Kifaransa. Lakini sehemu kubwa ya alama ilitoka katika maandishi na tafsiri, na mwalimu mwenye busara alimwandaa mwanafunzi kwa kile kitakachopimwa. Mtihani uleule uliolilinda somo ndio ulioifunga mbinu yake.

Nguvu za nje zilijitokeza pia. Vita vya Kwanza vya Dunia viliichafua hadhi ya Kijerumani, na Kamati ya Leathes, iliyoripoti mwaka 1918, ililazimika kutetea umuhimu wa kuifahamu Ujerumani hata baada ya vita. Hakuna kasoro ya mbinu iliyokipunguzia Kijerumani wanafunzi. Kilichobadilika ni mtazamo wa jamii.

4.0 Lugha kwa baadhi, kisha kwa wote, 1944–1988

Sheria ya Elimu ya 1944 ilifanya elimu ya sekondari kuwa haki ya kila mtoto, lakini utekelezaji wake uliwagawa watoto wakiwa na umri wa miaka 11. Wachache waliofaulu mtihani wa mchujo waliingia shule teule, ambako Kifaransa kilikuwa kawaida. Wengi walikwenda shule za sekondari zisizo teule, ambako mara nyingi lugha ya kigeni haikufundishwa kabisa. Dhana kwamba mtoto wa kawaida hana akili ya kujifunza lugha ilijengwa katika mfumo kabla hajapewa nafasi ya kuijaribu.

Waraka namba 10 wa 1965, uliozitaka mamlaka za mitaa kuunganisha shule hizo ziwe za watoto wote, ulileta kundi jipya mbele ya mwalimu wa Kifaransa. Mbinu alizozoea zilikuwa zimetengenezwa kwa wachache waliochujwa. Maabara ya lugha, pamoja na kanda na slaidi, viliingia shuleni kwa matumaini makubwa. Wakati huohuo, mradi wa majaribio wa Kifaransa katika shule za msingi ulianza mwaka 1964, kwa imani iliyo katika methali ya Kiswahili: samaki mkunje angali mbichi. Tathmini ya Clare Burstall na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1974, haikupata faida kubwa ya kudumu kwa waliotangulia kuanza. Serikali haikuupanua mradi kuwa wa taifa. Wakosoaji wa tathmini hiyo walieleza kwamba shule nyingi za sekondari ziliwachanganya waliotangulia na wanaoanza, zikawarudisha wote mwanzo. Iwapo walikuwa sahihi, basi umri ulilaumiwa kwa kosa la mpangilio.

Mkabala wa kimawasiliano, ulioimarishwa na kazi za Baraza la Ulaya katika miaka ya 1970, uliingia rasmi kupitia mtihani mpya wa GCSE, uliofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1988. Kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika vilipata uzito unaokaribiana. Kwa mara ya kwanza tangu Viëtor, mtihani ulikwenda upande mmoja na wanamageuzi. Lakini mawasiliano yaliyotahiniwa yalikuwa membamba: kununua tiketi, kuagiza chakula, kuuliza njia. Mwanafunzi aliyekariri mazungumzo hayo alipata alama bila kupata lugha ya kusemea mambo yake mwenyewe.

5.0 Mstari mmoja wa kanuni, 1988–2014

Sheria ya Mageuzi ya Elimu ya 1988 iliiingiza lugha ya kigeni katika mtaala wa taifa, na katikati ya miaka ya 1990 ikawa lazima hadi umri wa miaka 16. Mwaka 2002 serikali ilitangaza mkakati uliohimiza lugha kwa wote, lakini ukapanga pia kuondoa ulazima huo baada ya miaka 14. Ulazima ukaondolewa rasmi Septemba 2004, na baadhi ya shule zilikuwa zimeshaanza kulegeza.

Matokeo yalikuwa dhahiri. Mwaka 2002, asilimia 76 ya wanafunzi walifanya mtihani wa GCSE wa lugha ya kigeni; mwaka 2011 walikuwa asilimia 40. Walimu walikuwa walewale na mkabala ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mstari mmoja wa kanuni. Tena, anguko hilo halikuwa sawa kwa wote: shule za kulipia na shule teule zililishikilia somo, na zile zenye watoto wengi maskini zililiacha zaidi. Mpaka wa 1944 ulirudi, safari hii kwa jina la uhuru wa kuchagua. Kigezo kipya cha kupimia shule, kilichotangazwa mwaka 2010 na kuhesabu lugha miongoni mwa masomo yake, kiliinua idadi hadi karibu nusu, kisha ikatulia hapo. Mwaka 2014 lugha ikawa lazima katika madarasa ya juu ya shule za msingi.

Haipasi kuhitimisha kwamba ulazima unatosha. Katika miaka ya ulazima, wengi waliacha lugha mara tu waliporuhusiwa, na hilo ni ushahidi dhidi ya yaliyofundishwa na namna yalivyofundishwa. Nafasi humleta mwanafunzi darasani. Mbinu huamua kama atatamani kubaki. Lakini mpangilio wa sababu hizo hauwezi kugeuzwa, kwani asiyeingia darasani hana mbinu ya kumfaa.

6.0 Hitimisho

Historia hii ina uzito kwa wataalamu wa Kiswahili wakati huu. Mwaka 2018 Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kingefundishwa shuleni kama somo la hiari kuanzia 2020. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, miaka 30 baada ya Waraka wa Serikali wa 1992 kupendekeza kifundishwe kwa wote katika shule za msingi. Njia hizo mbili, hiari na lazima, ni zilezile ambazo England imezipita na kuzirudia.

Juhudi za wataalamu zimeelekezwa zaidi katika vitabu vya kiada na mbinu za kufundishia wageni, na kazi hiyo haina budi kuendelea. Lakini uzoefu wa England unadai maswali mengine yaulizwe kwa uzito uleule. Je, Kiswahili kimewekwa katika kundi gani la mtihani, na kinashindana na somo gani kwa saa zilezile? Mtihani unapima mazungumzo au tafsiri? Mwanafunzi wa shule ya kijijini anapewa nafasi sawa na wa shule ya kulipia mjini? Majibu yake hayapatikani katika nadharia za ujifunzaji lugha. Yamo katika nyaraka za wizara, ratiba za shule na karatasi za mitihani, na hizo nazo ni data za mwanaisimu.