Mizani ya Pili: Funzo la Pamba ya Mwanza kwa Wabunifu wa Leo

Vijana wanaotaka kuanzisha kampuni huniuliza mara kwa mara wasome nini kabla ya kuingiza bidhaa yao sokoni. Wengi hutarajia niwatajie kitabu kutoka Marekani. Mimi huwaambia waanze na historia ya pamba ya Usukuma, na hasa historia ya chombo kimoja: mizani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa Kwimba, Geita au Ukerewe alipeleka pamba yake kwa mnunuzi, ambaye kwa kawaida alikuwa mfanyabiashara wa Kiasia au wakala wake. Bei ilikuwa imepangwa na serikali. Palipobaki pa kumpunja mkulima ni kwenye uzito. Naye hakuwa na njia ya kuthibitisha alichokishuku. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, aliyeisoma alikuwa mnunuzi, na aliyeandika hesabu alikuwa mnunuzi huyo huyo.

Jawabu la kwanza halikuwa kiwanda wala benki. Wakulima, wakishirikiana na wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, waliweka wapimaji wao wenyewe ili uzito ujulikane kabla pamba haijafika mikononi mwa mnunuzi. Ilikuwa huduma ndogo, lakini ilikuwa na sifa tatu ambazo bidhaa nyingi changa huzikosa. Ilijibu dhuluma ambayo mteja mwenyewe alikuwa akiilalamikia. Iliwekwa kwenye njia aliyokwisha kuizoea. Na faida yake ilionekana siku ileile, kwa kulinganisha tarakimu mbili.

Paul Bomani, ambaye tangu 1947 alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, alitambua kwamba mkulima aliyekwisha kuamini mizani anaweza kuamini jambo kubwa zaidi. Vikafuata vyama vya msingi vijijini, vilivyokusanya pamba ya wanachama na kuiuza kwa pamoja. Mwaka 1953 Bomani alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika; maana wahenga walikwisha kunena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na baadaye shirikisho hilo likamiliki viwanda vya kuchambua pamba. Tulipokaribia uhuru, karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa ilipitia mikononi mwake.

Nawaomba wasomaji wautazame mpangilio huo: mizani kwanza, kisha chama, kisha elimu ya uendeshaji, kisha kiwanda. Vijana wengi ninaowaona huanzia mwisho. Hutafuta mtaji wa kiwanda kabla hawajampata mkulima mmoja aliyenufaika na mizani yao.

Lakini historia hii ina sehemu ya pili, na watumishi wa umma wasiiruke. Ushirika ulipopata haki ya pekee ya kununua pamba, mkulima alikosa pa kwenda kwingine. Malalamiko juu ya makato, uendeshaji mbovu na watumishi wasio waaminifu yaliongezeka, hata mwaka 1966 Rais Nyerere akaunda kamati maalumu kuchunguza ushirika nchini. Mwaka 1968 Shirikisho la Victoria lilipisha Chama cha Ushirika cha Nyanza, na mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Vilirejeshwa kwa sheria ya 1982, lakini imani hairejeshwi kwa sheria.

Mimi sisomi hapo kwamba ushirika ni wazo baya. Ninasoma kwamba chombo kilichozaliwa ili kumpa mkulima njia ya kuhakiki kilifika mahali ambapo chenyewe hakikuwa na wa kukihakiki. Mteja asiye na chaguo hunyamaza, na kiongozi mvivu huuchukua ukimya huo kuwa ni kuridhika. Hatari hiyo inaikabili wizara sawasawa na inavyoikabili kampuni ya vijana wanne.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kutengeneza programu ya simu kwa wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, usianze na programu. Nenda mwaloni alfajiri, siku nyingi, ukae na akina mama wanaonunua na kuanika. Uliza ni wapi wanapopunjwa na ni nani anayeshika mizani. Wape jibu dogo kwa daftari na kalamu, uone kama kesho watakufuata bila kuitwa. Wakikufuata, ndipo ujenge. Na siku utakapokuwa mkubwa kuliko washindani wako wote, hakikisha yule mama wa kwanza bado ana mahali pengine pa kupimia mzigo wake.