Bila Kukata: Historia ya Muziki Uliopigwa Picha kwa Mkupuo Mmoja

Kati ya mwisho wa mwaka 1894 na mwanzo wa 1895, katika maabara ya Thomas Edison huko West Orange, New Jersey, fundi mmoja alisimama mbele ya pembe kubwa ya kunasia sauti, akaweka fidla begani na kuanza kupiga. Jina lake William Dickson, na ndiye aliyekuwa akishughulikia kamera za Edison. Kando yake wanaume wawili walishikana na kucheza, wakizunguka polepole kwa kuifuata fidla. Kamera iliwatazama bila kusogea, na kabla nusu dakika haijatimia, filamu ikaisha.

Picha ilibaki kwenye filamu, na sauti kwenye silinda ya nta, kila kimoja kikahifadhiwa mahali pake. Baada ya miaka mingi silinda ilikutwa imevunjika. Wataalamu waliiunga, na mwaka 2000 mhariri wa filamu Walter Murch akaoanisha sauti na picha. Ndipo watu wa zama zetu walipoweza kuona mkono wa Dickson ukivuta upinde na kusikia sauti ya upinde huohuo.

Jaribio hilo, ambalo ni miongoni mwa ya kwanza kabisa ya kuunganisha sauti na picha, lilikuwa muziki uliopigwa laivu na kurekodiwa kwa mkupuo mmoja. Hakuna aliyeamua iwe hivyo kwa kutafuta uzuri, kwani mashine hazikuwa na njia nyingine. Hata hivyo, katika sekunde zile chache limo jambo ambalo mafundi wa baadaye walilitafuta kwa jasho: fidla inaita na miguu ya wachezaji inaitika, nasi tunaona nani ameanza na nani amemjibu. Mkupuo mmoja ni kulinda mfuatano huo wa mwito na mwitiko usivunjwe. Makala haya yanafuata safari ya ufundi huo, tangu ulipokuwa lazima hadi ulipokuwa hiari.

Enzi ya lazima

Filamu ambazo ndugu Lumière walizionyesha Paris tarehe 28 Desemba 1895 zilidumu kama sekunde hamsini kila moja, kwa kuwa mkanda ulikuwa na urefu wa mita kama 17 tu. Kila filamu ilikuwa tendo moja lisilokatwa. Upande wa sauti hali ilikuwa hiyohiyo. Msanii aliyeingia kurekodi santuri alikuwa na nafasi moja, dakika tatu hivi, sindano ikichora kwenye nta laini. Akikosea, nta hiyo haifai tena na kazi inaanza upya.

Wasomaji wa Kiswahili wanaujua mfano wa karibu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wanamuziki wake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri. Sauti tunayoisikia leo kwenye santuri zile haikuunganishwa vipandevipande. Mwimbaji, mpiga udi na mpiga fidla walikuwa chumba kimoja kwa wakati mmoja, na wimbo ulilazimika kutosha upande wa santuri. Kama kuna mahali fidla imechelewa kidogo kumfuata Siti, ilichelewa kweli siku ile.

Hollywood nayo ilipitia mlango huohuo. Tarehe 6 Agosti 1926 kampuni ya Warner Bros. ilionyesha New York filamu fupi za wanamuziki kwa mtambo wa Vitaphone. Sauti ilikuwa kwenye santuri ya inchi 16 iliyobeba kama dakika 11, na santuri haikatwi wala haiungwi. Hivyo muziki ulipigwa moja kwa moja hadi mwisho, huku kamera zikifungiwa vibandani ili ngurumo zake zisisikike. Watengenezaji waliotaka kubadilisha sura ya picha waliweka kamera kadhaa ziende pamoja, kisha wakakata picha juu ya sauti isiyokatwa. Njia hiyo ya kamera nyingi ndiyo bado inatumika katika matamasha mengi ya televisheni.

Midomo yafuata santuri

Punde uhuru ulikuja, na ukaja na hasara yake. Ilipowezekana kurekodi wimbo kwanza na kupiga picha baadaye, mwimbaji hakulazimika tena kuimba mbele ya kamera. Alifungua kinywa tu na kufuatisha maneno yake mwenyewe. Filamu fupi za Soundies, zilizotazamwa Marekani katika miaka ya 1940 kwa kutumbukiza sarafu kwenye mashine, zilitengenezwa hivyo. Ndivyo zilivyotengenezwa pia zile za Scopitone zilizoanzia Ufaransa mwaka 1960. MTV ilipofungua matangazo yake mwaka 1981, hiyo ndiyo ilikuwa sheria isiyoandikwa ya video ya muziki.

Baadhi ya video za namna hiyo zilipigwa kwa mkupuo mmoja, na ni kazi nzuri. Mwaka 1965 D. A. Pennebaker alimpiga picha Bob Dylan katika kichochoro jirani na hoteli ya Savoy, London, akidondosha kadi za maneno moja baada ya nyingine. Mwaka 1991 mwongozaji Baillie Walsh alimfuata mwimbaji Shara Nelson akitembea kando ya barabara ya Los Angeles katika video ya kundi la Massive Attack. Kamera ilikuwa kwenye Steadicam, kifaa kilichobuniwa na Garrett Brown katika miaka ya 1970 ili kamera ivaliwe mwilini na isitikisike mpigapicha anapotembea. Lakini katika kazi zote mbili muziki ulikuwa umekwisha kurekodiwa kabla. Picha haikukatwa, ila sauti na picha hazikuzaliwa pamoja. Ukitaka kuona vyote viwili vikizaliwa pamoja, itabidi uende Niger.

Simiri, 1971

Jean Rouch alifika Niger mwaka 1941 akiwa mhandisi wa barabara, akabaki na nchi hiyo moyoni maisha yake yote. Kufikia miaka ya 1960 mambo mawili yalikuwa yamebadilisha kazi yake ya filamu: kamera nyepesi za milimita 16 zinazokaa begani, na kinasa sauti cha Nagra kinachobebeka, ambacho sauti yake iliweza kwenda sambamba na picha. Watu wawili tu, mmoja na kamera na mwingine na sauti, waliweza kuingia penye watu na kurekodi.

Machi 1971 alikuwa katika kijiji cha Simiri. Wazee walikuwa wameitisha ngoma ya pepo kuomba mazao yalindwe dhidi ya nzige. Ngoma ilikuwa katika siku yake ya nne na hakuna pepo aliyepanda. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Rouch aliamua apige picha hata hivyo, angalau zibaki kumbukumbu za ngoma mbili za kale, turu na biti, ambazo alijua hazitapigwa kwa miaka mingi zaidi. Kamera yake ilibeba mkanda wa dakika zisizozidi 11.

Filamu inaanza nje ya uwanja. Kamera inatembea, tunasikia ngoma kwa mbali, tunapita penye wanyama waliofungwa wakisubiri kuchinjwa, kisha tunaingia katikati ya watu. Mchezaji mmoja mzee anacheza, mwili wake bado ni wake. Kamera inamwacha na kwenda kwa wapigaji, inakaribia mikono yao. Mapigo yanapungua, kama wanataka kuacha, lakini kamera haizimwi wala haigeuki, nao wanashika tena kwa nguvu. Sekunde chache baadaye mzee yule anatikisika, na sauti inayotoka kinywani mwake si yake. Pepo aitwaye Kure amepanda. Wazee wanamsogelea na kuanza kuzungumza na pepo kuhusu mazao. Baadaye mama mzee naye anapandwa. Mwishowe Rouch anarudi nyuma taratibu, kamera ingali inazunguka, mpaka tunauona uwanja wote kama tulivyoukuta.

Rouch aliamini kwamba kamera yake ilishiriki katika lililotokea: wapigaji waliona haiondoki, nao hawakuondoka. Alisema mpigapicha wa namna hii naye huingia katika hali kama ya kupandwa, akatembea na kugeuka si kwa mpango bali kwa kuitikia ngoma. Mtu anaweza kubishana naye kuhusu pepo. Kuhusu picha hakuna ubishi. Lau angekata mahali popote kati ya mapigo yanayopungua na mwili unaotikisika, tusingejua kipi kilitangulia kipi. Angetuonyesha ngoma, kisha mtu aliyepandwa, na kutuomba tuamini. Kwa kutokata, alituacha tushuhudie wenyewe. Kwangu mimi, hizo dakika kama kumi za filamu hiyo, *Tourou et Bitti*, ndizo kilele cha ufundi huu.

Paris, 2006

Kamera za dijitali ziliondoa kikomo cha mkanda. Mtu aliweza kurekodi saa nzima bila kusimama, na kukata kukawa rahisi kuliko wakati wowote. Hapo ndipo kutokata kulipokuwa uamuzi.

Mwaka 2006 Christophe Abric, mwanzilishi wa tovuti ya muziki ya La Blogothèque, alianza pamoja na kijana mpigapicha wa Paris, Vincent Moon, mfululizo ulioitwa *Concerts à emporter*, yaani matamasha ya kubeba, kama chakula kinachofungwa ukale njiani. Bendi iliyopita Paris ilichukuliwa barabarani, ngazini, mkahawani au chooni, ikapiga wimbo mmoja au miwili bila jukwaa na bila spika kubwa. Moon alitembea nao na kamera mkononi.

Machi 2007 ilikuwa zamu ya kundi la Arcade Fire kutoka Kanada, lililokuwa na onyesho katika ukumbi wa Olympia. Wanamuziki wote walijibana ndani ya lifti ya mizigo na ala zao, na mlango ukafungwa. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya ngoma kamili, mmoja wao alichukua jarida akawa anachana kurasa kwa mapigo ya wimbo. Karatasi ikawa ala. Sauti ile ya *chwa, chwa* inasikika wazi, kwa sababu mwenye kuchana yuko hatua moja kutoka kwenye kipaza sauti. Kisha lifti ikafunguka, nao wakaenda hadi katikati ya umati ukumbini na kuimba humo.

Video hizo zilisambaa kwa YouTube, iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu, na wengi wakafuata nyayo. Tangu 2016 studio ya COLORS ya Berlin imekuwa ikimsimamisha msanii mmoja mbele ya ukuta wa rangi moja, kipaza sauti kimoja kikining'inia. Moon mwenyewe aliondoka Paris akaanza kuzunguka dunia akipiga picha muziki wa ibada na wa mizimu. Alirudi, kwa njia yake, kule alikokuwa Rouch.

Kazi ya mikono na masikio

Anayetazama huweza kudhani kwamba kutokata ni kupunguza kazi. Ukweli ni kwamba kazi ya mhariri haipotei, bali huhamia mwilini mwa mpigapicha. Anapaswa kuujua wimbo kabla hajabonyeza kitufe: beti ngapi, kiitikio kinaingia wapi, nani ana kipande chake peke yake. Akichelewa kugeuka, udi utakuwa umekwisha sema. Akiwahi, atatuonyesha mtu anayesubiri. Hutembea amekunja magoti kidogo ili kamera isirukeruke, na huhesabu pumzi. Anapotoka ndani kwenda juani, hana budi kupunguza mwanga unaoingia kwenye lenzi palepale, bila mtazamaji kushtuka.

Fundi sauti ana mtihani mkubwa zaidi. Katika studio kila ala ina mkondo wake na makosa hurekebishwa baadaye. Hapa umbali ndio mizani: ngoma isogezwe nyuma hatua tatu, mwimbaji awe karibu, upepo uzibwe, na yeye mwenyewe asiingie kwenye picha. Juu ya yote, wote wawili wanapaswa kukubali kasoro. Kikohozi, gari linalopita na uzi uliolegea vitabaki. Hiyo ndiyo bei ya ukweli wenyewe.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mwambao wetu una muziki ambao karibu umeumbwa kwa ajili ya mkupuo mmoja. Wimbo wa taarab asilia hupita kwa urahisi dakika kumi, kuanzia ala zinapojinadi hadi ubeti wa mwisho. Katikati yake hutokea jambo ambalo kila aliyekaa ukumbini analijua. Mwimbaji anafika kwenye ubeti fulani, na mwanamke mmoja anainuka kitini. Haendi mbio. Anacheza mwendo wake, noti mkononi juu, macho yakitazama upande mmoja wa ukumbi, hadi anamfikia mwimbaji na kumtuza.

Ubeti alioinukia ndio ujumbe wake. Ameuchagua, na kuna mtu mle ndani aliyeelewa. Sasa tazama video nyingi tunazobaki nazo. Kamera inamwonyesha mwimbaji, inaruka kwenye fidla, inaruka tena kwenye noti zinazotuzwa. Hatujui mwanamke yule aliinukia neno gani. Fumbo limekatwa vipande, na waliokuwepo wakishaondoka duniani hakuna atakayeweza kuliunga kama ilivyoungwa silinda ya Dickson.

Muziki huu una historia ndefu: kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa cha Unguja kilianzishwa mwaka 1905, na kile cha Culture Musical Club mwaka 1958. Na vifaa vya kuuhifadhi tunavyo: simu iliyo mfukoni mwa kijana wa leo inarekodi kwa muda mrefu kuliko mkanda aliokuwa nao Rouch kule Simiri. Hivyo ombi langu kwa vijana wenye simu na kamera ni dogo. Mkienda kwenye taarab, kidumbaki au ngoma ya wazee, chagueni wimbo mmoja. Simameni karibu, anzeni kabla haujaanza, na msizime mpaka uishe. Mfuateni mama anayeinuka kutoka kitini mwake hadi kwa mwimbaji, na msikate.