Leza ya Visehemu: Jina Lake, na ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Katika kliniki za ngozi za Dar es Salaam na Nairobi kuna tiba moja ya uso ambayo wateja huiita kwa majina matatu. Wengi husema wanakwenda "kupiga leza". Wengine husema "kuchubua kwa leza". Waliosoma tangazo hutaja neno la Kiingereza, "fractional", bila kujua sana limebeba nini. Jina la kwanza ni pana mno, kwani kuna leza ya kuondoa nywele, ya kufuta tatuu, hata ya macho, na kila moja ina kazi yake. La tatu halimwambii kitu asiyejua lugha hiyo. La pili ndilo linalonisumbua, kwa sababu linaweza kumlaza mtu kwenye kitanda cha daktari akitarajia jambo ambalo mashine ile haifanyi.

Kuchubua, kwa masikio yetu, ni kuutafuta weupe. Neno hilo limekaa pamoja na mkorogo, na sabuni zenye zebaki, na krimu zenye hidrokwinoni ambazo Tanzania na Kenya zimezipiga marufuku katika vipodozi lakini bado zinauzwa kwa kificho. Anayeambiwa "tutakuchubua kwa leza" anaelewa kwamba atatoka akiwa mweupe zaidi. Leza hii haikubuniwa kwa kazi hiyo. Kazi yake kubwa ni makovu: mabonde yaliyoachwa na chunusi, makovu ya upasuaji na ya moto, mikunjo ya uso, na michirizi kwa kiasi. Tena kwa ngozi nyeusi hatari yake kuu iko upande wa pili kabisa, yaani kuachwa na madoa meusi kuliko yale uliyokwenda nayo. Mtu hawezi kuelewa kwa nini mpaka ajue mashine inafanya nini ndani ya ngozi.

Leza yenyewe ni mwanga wa urefu mmoja wa wimbi, uliokusanywa na kuelekezwa mahali pamoja. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza mwaka 1960 nchini Marekani. Miaka minne baadaye, katika maabara za Bell, Kumar Patel alitengeneza leza ya kaboni dayoksaidi, ambayo mwanga wake hauonekani kwa macho na hunyonywa kwa nguvu na maji. Ngozi imejaa maji, kwa hiyo mwanga huo ukiigusa maji huchemka papo hapo na tishu huondoka kama mvuke. Katika miaka ya 1990 madaktari waliitumia kuondoa tabaka lote la juu la uso mzima ili ngozi mpya iote. Makovu na mikunjo ilipungua kweli, lakini gharama yake kwa mgonjwa ilikuwa kubwa: uso uliokuwa kidonda kitupu kwa wiki mbili hivi, wekundu wa miezi, na kwa baadhi yao mabaka yaliyopoteza rangi isiyorudi.

Mwaka 2004 kundi la watafiti, miongoni mwao Dieter Manstein na Rox Anderson wa Boston, lilichapisha wazo lililobadilisha mambo. Badala ya kuchoma uso wote, waliugawa mwanga katika miale myembamba sana, kila mmoja ukatengeneza nguzo ndogo ya joto ndani ya ngozi, na kati ya nguzo na nguzo wakaacha ngozi nzima isiyoguswa. Ngozi iliyotibiwa hivyo, ikitazamwa kwa hadubini, inafanana na chekeche: vitundu vingi, na katikati yake nyuzi zisizokatika. Upana wa kila nguzo ni sehemu ya kumi ya milimita au zaidi kidogo, na kina chake kinaweza kufika milimita moja au kuipita, kutegemea nguvu iliyowekwa. Chembe hai za ngozi iliyobaki hutambaa kutoka pembeni na kuziba vitundu haraka, wakati mwingine ndani ya siku moja kwa tabaka la juu. Huko chini, joto huamsha utengenezaji wa kolajeni mpya, protini inayoipa ngozi uimara, na hiyo ndiyo hulijaza bonde la kovu polepole.

Basi neno la Kiingereza linaposema "fractional" linazungumzia hesabu. Ni ile sehemu tuliyofundishwa shule ya msingi, robo, theluthi, moja ya kumi. Tatizo ni kwamba neno "sehemu" kwetu lina kazi nyingi. Ukisema "leza ya sehemu", msikilizaji atadhani unatibiwa shavu tu na paji la uso linaachwa. Ndiyo maana napendelea "leza ya visehemu". Umbo dogo na la wingi linaonyesha kwamba vipande ni vidogo na ni vingi, na limebeba lile jambo lenye maana kubwa zaidi kwa mgonjwa, kwamba kuna visehemu vilivyopigwa na kuna vilivyoachwa.

Upande wa pili wa istilahi nao una shughuli yake. Kiingereza husema ngozi inawekewa uso mpya. Nimekutana na "upyaishaji wa ngozi", na "uhuishaji", ambalo tayari tumelipa kazi ya filamu za katuni. Yote mawili yanaahidi ngozi mpya, na hiyo ni ahadi ambayo daktari mwaminifu hawezi kuitoa. Mimi nachagua "ukarabati". Mwenye nyumba anayesikia ukarabati anajua kwamba nyumba ni ileile, kwamba fundi ataacha vumbi kwa muda, na kwamba huenda akarudi mara ya pili. Kwa hiyo: ukarabati wa ngozi kwa leza ya visehemu. Na tuseme "miale" ya leza, tuiache "mionzi". Mionzi kwa wengi wetu ni eksirei na tiba ya saratani pale hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na nguvu ya aina hiyo leza hii haina. Kinachofanya kazi hapa ni joto.

Faida ya jina hili inaonekana mara tu unapoketi mbele ya daktari, kwa sababu linakupa swali la kwanza la kuuliza: ni asilimia ngapi ya ngozi yangu itapigwa leo? Mashine huwekwa kuanzia takriban asilimia 5 hadi kupita 40 kwa baadhi yake. Uzoefu wa wanaotibu ngozi za Waasia na Waafrika ni kwamba msongamano wa vitundu ndio huleta zaidi madoa meusi, kuliko hata kina cha vitundu hivyo. Ngozi nyeusi inataka vitundu vichache kwa kila kikao na nafasi kubwa kati ya kikao na kikao, hata kama maana yake ni vikao vingi zaidi. Anayekuahidi kumaliza yote siku moja, kwa ngozi kama zetu, usimpe uso wako.

Kwa nini madoa yaje, ikiwa mwanga huu unafuata maji na wala haufuati rangi? Kwa sababu melanini, yaani rangi ya ngozi, haihitaji kupigwa moja kwa moja. Jeraha lolote la ngozi, liwe la mbu, la chunusi au la joto, huleta uvimbe, na chembe zinazotengeneza rangi huitikia uvimbe kwa kumwaga rangi zaidi. Kadiri ngozi ilivyo nyeusi ndivyo mwitikio huo unavyokuwa mkali. Madaktari hupanga ngozi kwa kipimo cha Thomas Fitzpatrick cha mwaka 1975, chenye ngazi sita leo. Inafaa kujua kwamba kipimo hicho kilianza na ngozi nyeupe peke yake. Ngazi ya 5 na ya 6, ambamo wengi wetu tumo, ziliongezwa baadaye. Nasi tuulize: aliyeziweka namba za mashine hii amewahi kutibu ngozi za ngazi hizo, na anaweza kutuonyesha picha za wagonjwa wake mwenyewe, za kabla na za baada?

Leza za visehemu ziko za namna mbili, na kuzichanganya ni kosa la gharama. Kuna ya kutoboa, kama ile ya kaboni dayoksaidi yenye wimbi la nanomita 10,600 au ya ebiamu yenye nanomita 2,940, ambayo huondoa tishu na kuacha tundu halisi. Ina nguvu kwa makovu ya kina, lakini uso hutoa majimaji siku za kwanza, huota magaga, na kwa kawaida huchukua siku 7 hadi 14 kupona kwa juu, huku wekundu ukibaki wiki kadhaa. Kuna pia ya kupasha, kama ile ya nanomita 1,550, ambayo huchoma ndani bila kuondoa tabaka la juu. Hiyo huleta uvimbe na wekundu wa siku chache, na kwa kawaida hutaka vikao 3 hadi 6 vinavyoachana wiki nne au zaidi. Ngozi nyeusi mara nyingi huanzishiwa ya pili.

Kabla ya yote, jiridhishe kwamba ulichonacho ni kovu. Simama karibu na dirisha asubuhi, geuza uso ili mwanga uje kwa pembeni, pitisha kidole polepole juu ya shavu. Kidole kikizama au kikipanda, hilo ni kovu. Kidole kikipita laini na jicho likaona weusi tu, hilo ni doa, na madoa mengi ya chunusi hufifia kwa kinga ya jua, dawa za kupaka alizoandika daktari, na miezi ya subira. Kuyapeleka kwenye leza ni kuyaongezea uvimbe uleule ulioyazaa. Hata makovu hayalingani. Yale membamba yenye kina, kama yaliyochomwa kwa msumari, hayaitikii sana leza, na kuna njia nyingine za kuyatibu moja moja.

Daktari atakuuliza mambo, na mengine hatauliza, kwa hiyo yaseme mwenyewe. Mwambie kama umewahi kuota keloidi, yale makovu yanayovimba na kuvuka mpaka wa jeraha, hata kama ni ya kutoga masikio tu. Mwambie kama hutokwa na malengelenge mdomoni, kwa sababu joto la leza linaweza kuamsha virusi vinavyoyaleta vikaenea uso mzima, na kinga yake ni vidonge vya asikloviri au jamii yake vinavyoanzwa mapema. Mwambie kama una chunusi zinazoendelea, kama umetumia vidonge vya chunusi viitwavyo isotretinoini, kama una mimba. Na mkorogo usiufiche. Najua inakera kulisema hilo mbele ya mtu usiyemjua, lakini krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi zinazoikondesha ngozi, na ngozi iliyokondeshwa haiponi kama inavyotarajiwa. Daktari mwenye utu hatakukemea. Atakuahirishia.

Siku yenyewe utapakwa krimu ya ganzi na kusubiri karibu saa moja. Macho yatafunikwa kwa kinga maalumu, na hapo usikubali njia ya mkato. Kichwa cha mashine hupitishwa kikigonga mraba baada ya mraba, kila mraba ukiacha safu za nukta, na hewa baridi ikipulizwa kwenye ngozi. Ya kutoboa ina harufu ya nywele zilizoungua, na kifyonza moshi hukaa karibu na shavu lako kikinguruma. Jioni uso huwaka kama uliokaa juani kutwa. Baada ya siku mbili tatu hubadilika kuwa kahawia na kukwaruza mkononi. Huo ni uchafu wa vile vitundu ukisukumwa nje, nao huanguka wenyewe. Usiusugue, usiubandue, wala usirudi kwenye krimu kali kabla ya kuambiwa.

Kisha jua. Hapa ndipo tiba hufaulu au huharibika. Kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi ianze wiki kadhaa kabla na iendelee miezi baada yake, na kwa ngozi nyeusi kinga iliyotiwa rangi, yenye oksaidi za chuma, ndiyo bora, kwa sababu mwanga wa kawaida unaoonekana nao hutuongezea madoa. Anayefanya kazi barabarani au shambani, asiyeweza kukaa kivulini wiki hizo, afikirie kuahirisha. Matokeo nayo hayaji kesho. Kolajeni hujijenga kwa miezi mitatu hadi sita, na kovu hupungua kina, halifutiki.

Pima pia anayeshika mashine. Saluni yenye kitanda kizuri si kliniki. Uliza kama daktari amesajiliwa na baraza la madaktari la nchi yako, na omba apige kwanza mahali padogo, nyuma ya sikio au chini ya taya, kisha mkae wiki kadhaa mkitazama. Kwa asiye na uwezo wa kliniki za binafsi, wataalamu wa ngozi wapo katika hospitali za rufaa, baadhi yao wakiwa wamepitia kituo cha mafunzo ya ngozi cha hospitali ya KCMC, mjini Moshi. Ushauri wao unaweza kukuokolea fedha zote kwa kukuambia kwamba leza huihitaji.

Ombi langu ni kwa wenye kliniki. Fomu ya ridhaa anayotia saini mgonjwa iandikwe kwa Kiswahili, na ndani yake itajwe aina ya leza, kama ni ya kutoboa au ya kupasha, asilimia ya ngozi itakayopigwa, na hatari ya madoa meusi kwa maneno hayo hayo. Nawe msomaji, ukipewa fomu usiyoielewa, usitie saini. Iombe isomwe kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kabla ya krimu ya ganzi kupakwa.