Herufi Zilizochakaa za Cabo Delgado

Katika karne ya 19 wakuu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado waliwaandikia maofisa wa Kireno barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nyingi zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa mjini Maputo, na miongoni mwa waliozichunguza ni Liazzat Bonate na Chapane Mutiua. Mimi nataka kuuliza jambo moja tu: hati ikichakaa, ni kitu gani kinachotoweka upesi?

Ni nukta. Herufi za b, t, n na y, zikiwa mwanzoni au katikati ya neno, zina kijino kimoja kile kile. Kinachozitenga ni nukta peke yake. Neno "baba" likipotewa na nukta zake, laweza kusomwa "tata" au hata "yaya". Tena waandishi wa kale mara nyingi walitumia b mahali pa p, na i na e zilishiriki alama moja, kwa hiyo hata pasipo uchakavu wowote "pete" na "beti" huandikwa namna moja. Msomaji hutegemea maana ya sentensi nzima. Sentensi nayo ikiliwa na mchwa, je?

Siku hizi mchora majalada, akitaka jina la kitabu lionekane la kale, huchukua picha ya ukuta uliobabuka, akaitandaza juu ya maandishi katika kompyuta, nayo programu hufuta wino kila penye ufa. Kwa herufi za Kilatini hasara ni ndogo, maana A yenye tundu ni A. Katika maandishi ya Kiarabu ufa mmoja wageuza neno. Afadhali nukta ziwekwe katika tabaka lake, zisiguswe. (Nimeona majalada ambayo yangemchekesha mwanafunzi wa chuoni.)

Lakini uchakavu wa kweli hauna tabaka. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mnamo Oktoba 2017, na kimbunga Kenneth kilichopiga Ibo mnamo Aprili 2019, viliwaondoa watu wengi makwao, na mtu anayekimbia usiku hachukui kasha la vitabu. Kwa hiyo mwalimu atakayebahatika kuonyeshwa hati ya ukoo aipige picha kwanza, kisha anakili. Na kila nukta aliyoikisia aitie kwa wino wa rangi nyingine.