Tarehe ya Gemu za Sarafu, Tangu kwa Ted Dabney Hadi Bagamoyo

Gemu ya sarafu ni mtoto wa televisheni. Wengi humnasibisha na kompyuta, na hapo ndipo ubishi wa nani mwanzilishi ulipoanzia. Kweli kompyuta ilitangulia: vijana wa chuo cha MIT, Marekani, walicheza Spacewar! mwaka 1962 kwenye mashine ya PDP-1, na Septemba 1971 Bill Pitts na Hugh Tuck waliweka Galaxy Game chuoni Stanford, ikiendeshwa na PDP-11 kwa senti 10 mchezo mmoja. Kompyuta ile ilikuwa ya maelfu ya dola. Senti 10 zisingeirudisha fedha hiyo abadani. Tawi hilo lilikatikia hapo.

Tawi lililozaa ni la Samuel Frederick Dabney, kwa jina la kuitwa Ted. Elektroniki aliisomea jeshini, kikosi cha Marine, kisha akaajiriwa Ampex, kampuni ya mashine za kurekodi video. Hapo alikutana na Nolan Bushnell. Bushnell alikuwa na ndoto na ulimi. Dabney alikuwa na lehemu. Siku moja Bushnell alimuuliza swali ambalo mtu yeyote wa pwani aliyewahi kuwa na televisheni ya chogo angeweza kuuliza: ukizungusha kile kinobu cha kutuliza picha, mbona picha nzima inapanda au kushuka?

Jibu la Dabney ndilo shina la biashara yote. Ndani ya chogo, mwali wa elektroni huchora mstari kwa mstari, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, mara 60 kwa sekunde kwa mtindo wa Marekani. Kuna mapigo yanayouamuru urudi mwanzo. Picha ikipishana kidogo na mapigo hayo, huteleza. Dabney aliona kwamba hesabu hiyo ikifanywa na kaunta za chipu, itawezekana kutelezesha nukta moja tu na skrini nyingine ikatulia. Kompyuta ya nini tena? Gemu yao, Computer Space, iliyotengenezwa na Nutting Associates mwaka 1971, haikuwa na prosesa wala programu. Ilikuwa na chipu za TTL za kawaida, televisheni ya dukani ya General Electric, na diodi zilizopangwa kwenye bodi kwa umbo la roketi, hivi kwamba fundi akifungua kasha huiona roketi kwa macho kabla hajawasha umeme. Mngurumo wa injini yake ni kelele ya diodi moja ya zena iliyokuzwa na amplifaya.

Hapa pana ugomvi usiofaa kurukwa. Bushnell alisimulia miaka mingi kwamba mashine ya kwanza iliundwa katika chumba cha binti yake. Dabney alisema sivyo: aliyehamishwa chumba ni binti wa Dabney, na aliyeshika vifaa humo ni Dabney mwenyewe. Kauli ya Dabney ndiyo yenye uzito, maana kasha la kwanza la mbao, sauti na mzunguko wa nukta vyote vilitoka mikononi mwake. Aliondoka kampuni ya Atari mwaka 1973, mwaka mmoja tu baada ya wawili hao kuiandikisha, na akafariki Mei 2018 huku magazeti mengi yakiwa yamezoea kumtaja mwenzake.

Pong ya mwaka 1972 iliundwa na Allan Alcorn, mwajiriwa wao. Ya majaribio iliwekwa kwenye baa ya Andy Capp's, Sunnyvale, na baada ya muda ikagoma. Alcorn alipofungua mlango wake alikuta haina ugonjwa: sarafu zilijaa hadi zikaziba tundu. Ralph Baer na Odyssey yake, gemu ya televisheni ya nyumbani, ni habari ya sebuleni, ingawa kesi ya Magnavox, watengenezaji wake, iliwafanya Atari wapatane nao mwaka 1976.

Prosesa iliingia mwaka 1975 na Gun Fight ya Midway, iliyotumia Intel 8080. Chipu hiyo hiyo ilimpa Tomohiro Nishikado wa Taito ajabu yake katika Space Invaders, mwaka 1978. Prosesa ilikuwa nzito kuchora wavamizi wote. Kila walipouawa, mzigo ulipungua na waliobaki wakakimbia zaidi. Udhaifu wa chipu ukawa utamu wa mchezo. Rangi zake zilikuwa karatasi za plastiki zilizobandikwa juu ya skrini nyeusi na nyeupe. Galaxian ilikuja na rangi halisi mwaka 1979, Pac-Man ikafuata mwaka 1980, zote kwa prosesa ya Z80.

Miaka hiyo yote Bagamoyo haikuwamo. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na hesabu za serikali zilipovurugika, mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta, na televisheni pamoja nazo. Unguja, ng'ambo ya mkondo, ilikuwa na televisheni ya rangi. Bara ilingoja hadi 1994 kupata vituo vyake. Chogo lilipofika, gemu ikalifuata. Kuanzia Dunda na Magomeni hadi Mapinga na Bunju yakaota mabanda: PlayStation juu ya meza, pedi mbili zilizofungwa mpira wa baiskeli, benchi, na mwenye banda ambaye ndiye tundu la sarafu.

Tundu la chuma limerudi na dubwi, mashine ya Kichina ya kubahatisha inayokula shilingi 200. Ndani ya tundu la aina hiyo kuna sarafu moja ya mfano iliyobanwa kando ya koili. Kila sarafu inayotumbukizwa hupita mbele ya koili hizo ikalinganishwa nayo. Ikifanana hupokewa, isipofanana hutemwa chini kwenye kisahani.