Alama ya X Kwenye Hewa

Mwaka 1935 wataalamu walikutana Roma, kwenye Kongamano la Volta, kuzungumzia ndege ambazo hazikuwapo bado: zinazokwenda kasi kuliko sauti. Ludwig Prandtl wa Göttingen alionyesha picha ya hewa ikipita kwenye handaki la upepo. Mbele kidogo ya shingo, pale njia inapobana kisha kupanuka, palikuwa na mistari miwili iliyokatana kama X. Nadharia haikutarajia X yoyote hapo.

Katika mjadala, Carl Wieselsberger wa Aachen, aliyewahi kufanya kazi chini ya Prandtl, alitaja kitu cha kawaida mno: unyevu.

Hewa inayoongezewa kasi hulipa kwa joto lake. Ikianza na nyuzi 20 na kufikia mara mbili ya kasi ya sauti, hushuka hadi karibu nyuzi 110 chini ya sifuri. Mvuke uliomo ulipaswa kuwa umeshageuka matone, ila safari ni fupi mno, haupati wasaa. Unapitiliza, unapitiliza, kisha unakuwa ukungu kwa mkupuo mmoja. Hapo unaachia joto ulilolificha, kanieneo inapanda ghafla, na wimbi la mshtuko linazaliwa mahali pasipo na kizuizi chochote. Waliodhani wanapima sheria za maumbile walikuwa wanapima pia hali ya hewa ya siku ile.

Dawa ilikuwa kukausha. Rudolf Hermann, aliyetoka Aachen, aliongoza handaki la Peenemünde, ambako hewa ilipitishwa kwanza kwenye silika jeli (punje zilezile unazozikuta kwenye boksi la viatu vipya). Hewa kavu ikatoa vipimo vya kuaminika, na vipimo vikasaidia kuunda roketi ya V-2. Roketi hizo ziliunganishwa na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, ambako maelfu walikufa, kisha zikaangukia London na Antwerp. Simulizi nyingi za unyevu huu huishia kwenye silika jeli. Naona hapo zinakatishwa mapema.

Baada ya vita mitambo hiyo ilihamishiwa Marekani, na kasi ikazidi kupanda. Karibu na mara tano ya sauti, kukausha hakutoshi tena: hewa yenyewe huanza kuwa kimiminika. Huko Langley, handaki lililoanza kazi mwaka 1947 kwa karibu mara saba ya sauti lililazimika kuipasha hewa moto kwanza, ili ifike kwenye baridi ile ikiwa bado hewa.