Nada: Kitu Kilichozaliwa, Kikageuka Kuwa Hakuna

Ukitazama filamu za Kimarekani umeshalisikia neno hili. Mtu anapekua mifuko yote, hapati hata senti, anasema: "Nada." Yaani hamna kitu. Anaongea Kiingereza, lakini neno lenyewe ni la Kihispania.

Cha ajabu ni kwamba mwanzoni nada haikuwa "hakuna". Ilitoka kwenye Kilatini, lugha ya Warumi, katika maneno mawili: res nata, yaani "kitu kilichozaliwa". Aliyetaka kukana kabisa alisema hana hata kitu kilichozaliwa, kama sisi tunavyosema "sina hata kitu". Miaka ikapita, res ikaanguka njiani. Nata ikabaki, ikawa nada, na kwa kukaa sana karibu na ukanusho ikaubeba yenyewe. Sisi tumefanya kinyume. Ukiulizwa umepata nini, unajibu "hamna" tu: kitu tumekitupa, ukanusho tumebaki nao. Mhispania alibaki na kitu, akakiita hakuna.

Hiyo nata ina ndugu. Katika ukoo huohuo wa kuzaliwa yametoka maneno ya Kiingereza native, mzaliwa wa mahali, na nation, taifa. Kwa hiyo taifa na "hakuna kitu" ni watoto wa bibi mmoja. Aliyewahi kujaza fomu ya uraia bila karatasi mkononi ataelewa haraka.

Maneno ya Kihispania yaliingia Kiingereza cha Marekani kwa njia nyingi, na mojawapo kubwa ni ujirani na Meksiko. Mwaka 1848, baada ya vita, Mkataba wa Guadalupe Hidalgo uliipa Marekani zaidi ya nusu ya ardhi ya Meksiko, pamoja na California. Watu waliokuwa wakiishi kule walijikuta katika nchi nyingine bila kutoka nyumbani. Walipewa mwaka mmoja kuchagua uraia. Asiyesema kitu alihesabiwa kuwa Mmarekani. Mpaka ulihama, watu wakabaki na lugha yao, na majirani wakaendelea kuokota maneno yake.

Kiingereza tayari kilikuwa na nothing. Nada kimeichukua kwa mkazo, mara nyingi na utani kidogo: zip, zilch, nada, hakuna mara tatu! Lakini mwaka 1933 Ernest Hemingway, katika hadithi yake fupi "A Clean, Well-Lighted Place", aliipa uzito mwingine. Mhudumu wa mkahawa huko Hispania anasali Baba Yetu, na mahali pa maneno makubwa anaweka nada. Hapo hakuna utani.

Basi, ndugu wakalimani na watu wa mashirika, tuwe macho. Kwa anayesema, nada inaweza kuwa nyepesi kama ganda la karanga. Kwa aliyengoja jibu la faili lake miaka, "hamna" ni mzigo. Mwambieni na sababu, na arudi lini.

Na Wahispania wenyewe wanalo tumizi zuri zaidi. Ukiwaambia asante, wanajibu de nada. Sisi tunasema "si kitu". Umepewa, na bado unaambiwa huna deni.